Injini ya pili ni ya nini?

Wadau, kuna maneno nimeyasikia mara nyingi sana, kutoka kwa wanaoogopa ndege na hata kwa wasioogopa: "Usiwe na wasiwasi bwana, ina injini mbili. Moja ikifa, ya pili inatufikisha." Yanasemwa uwanjani pale Dar mkiwa kwenye foleni ya kuelekea kwenye ATR ya Mwanza, zile ndege za pangaboi tunazozijua wote. Anayesema huwa anamtuliza mwenzake, na yeye mwenyewe pia anajituliza kidogo. Si uongo. Ila maneno hayo yana historia ndefu, watu wengi wamekufa ndani yake, na kwa kuwa nimekuwa nikiisoma kwa muda sasa nimeona niimwage hapa.

Tuanze na hesabu, maana wengi wetu huiruka. Ukiwa na injini moja, una injini moja inayoweza kufa. Ukiwa na mbili, unazo mbili zinazoweza kufa. Kwa hiyo ndege ya injini mbili inapata hitilafu ya injini mara nyingi zaidi kuliko ya injini moja, takriban mara mbili. Faida inakuja tu kama ile inayobaki ina uwezo wa kuibeba ndege peke yake. Kwa miaka mingi ya mwanzo haikuwa nao. Ndege nyingi za injini mbili za zamani zilipopoteza moja zilikuwa zinashuka tu, polepole kuliko jiwe lakini zinashuka. Marubani walikuwa na utani wao kwamba kazi ya injini ya pili ni kukufikisha mahali pa ajali. Ndiyo maana miaka ya 1920 makampuni mengi yaliyobeba abiria yalipenda injini tatu: Ford Trimotor, Fokker, na nyinginezo. Moja ikifa unabaki na mbili, unapumua.

Kilichobadilisha mambo kilianza na msiba. Machi 31, 1931, ndege ya Fokker ya injini tatu ya shirika la TWA la Marekani ilianguka Kansas na kuua wote 8 waliokuwemo. Mmoja wao alikuwa Knute Rockne, kocha wa futiboli ya Kimarekani katika chuo cha Notre Dame, mtu maarufu mno kwa Wamarekani wa wakati ule. Bawa lilikuwa la mbao na gundi, unyevu ukaingia, likaachia angani. Hapakuwa na suala la injini hapo. Lakini baada ya kelele za magazeti, ndege za mbawa za mbao zilipoteza soko, na TWA wakalazimika kutafuta ndege ya chuma tupu. Boeing walikuwa wanatengeneza moja nzuri, Boeing 247, lakini ndege 60 za kwanza zilikuwa zimeshawekwa kwa ajili ya United, ambao walikuwa ndugu wa Boeing ndani ya kampuni moja. TWA wangesubiri foleni nyuma ya mshindani wao. Nani angekubali?

Hivyo Agosti 2, 1932, Jack Frye wa TWA akaandika barua fupi kwa watengenezaji kadhaa wa ndege. Alitaka ndege ya chuma, ya injini tatu, ya kubeba abiria wasiopungua 12, na akaweka sharti kwamba ikiwa na mzigo kamili iweze kuruka kutoka uwanja wowote wa TWA hata kwa injini mbili kati ya hizo tatu. Barua mojawapo ilifika Santa Monica, California, kwenye meza ya Donald Douglas. Wahandisi wake wakarudi na jibu lililokuwa nusu ukorofi: sisi tutawaletea ndege ya injini mbili tu.

Basi wakapanda treni kwenda New York kujadiliana, na huko wakakutana na mshauri wa ufundi wa TWA, Charles Lindbergh, yule aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927. Lindbergh alikuwa mtaratibu lakini mgumu. Akasema sawa, injini mbili, lakini sharti linabaki vilevile: ndege iweze kuondoka na mzigo wake kutoka uwanja wowote wa TWA hata injini moja ikifa. Yaani nusu nzima ya nguvu imepotea, na bado ipande. Mhandisi Arthur Raymond alikaa na karatasi zake akipiga hesabu, kisha akampigia simu bosi wake na kumwambia kwamba asilimia 90 ya nafsi yake inasema inawezekana, na asilimia 10 iliyobaki ndiyo inayomkosesha usingizi. Douglas akakubali. Mkataba ukasainiwa Septemba 1932.

Mimi naona hapo ndipo ile sentensi ya foleni ya uwanja wa ndege ilipozaliwa. Haikutoka kwenye wazo la jumla kwamba mbili ni bora kuliko moja. Ilitoka kwenye kifungu cha mkataba alichokidai mnunuzi mbishi.

Ndege ikaitwa DC-1. Siku yake ya kwanza kuruka, Julai 1, 1933, rubani Carl Cover aliiondoa ardhini na kabla hata hajafika mbali injini zikaanza kukata. Zote mbili! Akiinua pua, zinakata. Akishusha pua, zinarudi. Hebu fikiria uko juu ya mji, chini huna nafasi, na kila ukijaribu kupanda unanyimwa nguvu. Cover aliibembeleza ndege hivyohivyo, anapanda kidogo, anashusha pua kidogo, mpaka akapata urefu wa kutosha wa kuzunguka na kutua salama. Waliofungua kabureta baadaye wakakuta chanzo: ilifungwa kwa namna ambayo boya lake lilikata mafuta ndege ikielekea juu. Wakazigeuza, tatizo likaisha. Nasimulia hili kwa sababu watu husahau kwamba ndege iliyokuja kuwa alama ya usalama nusura ife ikiwa na umri wa nusu dakika.

Mtihani wenyewe wa Lindbergh ulifanyika Septemba mwaka huohuo, uwanja wa Winslow, Arizona. Hawakuuchagua ovyo. Winslow upo juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi: injini inapumua kidogo, pangaboi linashika kidogo, bawa linabeba kidogo. Wasomaji wa Nairobi wataelewa haraka, maana uwanja wa Wilson upo juu zaidi ya hapo, karibu mita 1,690. DC-1 ikashika mwendo, injini moja ikazimwa wakati wa kuruka, na ndege ikapanda kwa injini moja, ikavuka nyanda zile za juu na kwenda kutua Albuquerque, kilomita karibu 380 mbele, kwa hiyohiyo moja. TWA wakaagiza nyingine. Kutoka DC-1 ikaja DC-2, na kutoka DC-2 ikaja DC-3, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 17, 1935. Waingereza waliiita Dakota. Shirika letu la East African Airways, lililoanza 1946 na kufa 1977, lilizitumia Dakota kwa miaka mingi kwenye viwanja vya juu vya joto vya ukanda huu, kwa hiyo babu zetu waliobahatika kupanda ndege miaka ya 1950 walibebwa na kifungu kilekile cha Lindbergh.

Sasa, hapa ingekuwa rahisi kufunga hadithi na kusema tatizo likatatuliwa. Kilichotatuliwa ni nusu. Mashine sasa iliweza. Swali likahamia kwa mtu aliyekaa kitini.

Nieleze kidogo ufundi, maana bila huo yanayofuata hayaeleweki. Umewahi kupiga kasia upande mmoja tu wa mtumbwi? Mtumbwi hauendi mbele, unazunguka. Ndege yenye injini moja kila bawa ni vivyo hivyo. Ya kushoto ikifa, ya kulia inasukuma upande wake, na pua inataka kugeukia kushoto, kwa ile iliyokufa. Rubani anaizuia kwa kukanyaga pedali ya kulia inayogeuza usukani wa mkia. Lakini usukani wa mkia unafanya kazi kwa upepo unaoupita. Upepo ukiwa kidogo, yaani mwendo ukiwa mdogo, usukani unakosa nguvu ya kupambana na injini nzima. Kila ndege ya aina hii ina kasi yake ya chini ambayo ukiwa juu yake unaweza kuizuia, na ukiwa chini yake huwezi hata ukanyage pedali mpaka mwisho. Ukiwa chini yake na injini nzima ipo kwenye nguvu zote, ndege inageuka, bawa la upande uliokufa linalala, na mwisho inapinduka chali. Kwa maneno mengine, kinachokuua hapo ni injini nzima. Iliyokufa imekaa tu.

Imekaa, ila nayo ina balaa lake. Pangaboi la injini iliyokufa haliachi kuzunguka. Upepo unalizungusha kama kile kidude cha karatasi cha watoto, na likizunguka hivyo linakuwa breki kubwa kwenye bawa. Dawa ni kuyageuza mapanga yake yasimame ubapa sambamba na upepo, kama unavyougeuza mkono nje ya dirisha la gari ukate upepo badala ya kuukinga. Kampuni ya Hamilton Standard ya Marekani ilikuwa na pangaboi la kulazwa hivyo mwishoni mwa miaka ya 1930. Kwa hiyo rubani injini inapokufa baada ya kuruka ana kazi zifuatazo ndani ya sekunde chache: aizuie ndege isigeuke, ashushe pua kidogo asipoteze mwendo, apandishe magurudumu, atambue ni ipi iliyokufa, alilaze pangaboi lake. Yote hayo akiwa mita mia mbili juu ya mapaa ya watu.

Halafu vita vikaja, na vijana maelfu wakatiwa kwenye ndege za injini mbili kwa haraka.

Mwaka 1939 jeshi la Marekani lilikuwa limeagiza ndege ya kudondosha mabomu ya kampuni ya Martin, iliyoitwa B-26 Marauder, moja kwa moja kutoka kwenye michoro, bila kusubiri ya majaribio. Iliruka mara ya kwanza Novemba 25, 1940. Ilikuwa nzuri kuitazama, mviringo kama sigara, injini mbili kubwa na mbawa fupi. Mbawa fupi ziliipa mbio, na mbawa fupi hizohizo zikaifanya iruke na kutua kwa kasi kubwa ambayo vijana waliotoka kwenye ndege za kujifunzia hawakuwahi kuiona. Kituo kimoja kikubwa cha mafunzo kilikuwa MacDill, karibu na Tampa, Florida. Huko kukazuka msemo uliokuwa na vina kwa Kiingereza, kwamba kila siku moja inaingia ghuba ya Tampa. Ulikuwa umetiwa chumvi, lakini si sana: kuna kipindi cha siku 30 ambacho ndege 15 zilianguka. Vijana waliiita mtengeneza wajane.

Hasira ilifika Washington. Kamati ya Seneta Harry Truman, iliyokuwa ikichunguza matumizi ya vita, iliichunguza ndege hii, na kukawa na mazungumzo ya kweli ya kusimamisha utengenezaji wake. Kwa nini zilikuwa zinaanguka? Mimi kama mwandishi huwa natafuta sababu moja ya kuweka kwenye kichwa cha habari. Hapa haipo. Mapangaboi yake yaligeuzwa kwa umeme. Mafundi wasiokuwa na mashine za umeme uwanjani walitumia betri za ndege wakati wa matengenezo, betri zikachoka, na ndege ikiruka mapanga yanakosa umeme wa kushikilia pembe yake, yanalegea, injini inavuma kama kichaa bila kuvuta. Mafuta yalibadilishwa, na mafuta mapya yakaanza kula viwambo vya ndani vya kabureta, hivyo injini zikakata wakati wa kuruka. Mafundi walikuwa wageni. Walimu wenyewe walikuwa wageni, wengine hawakuwa na saa nyingi kuliko wanafunzi wao. Na juu ya yote, hofu. Kijana aliyekwishaambiwa kantini kwamba injini moja ikifa basi, yeye injini ilipokufa kweli hakufanya kitu au alifanya kila kitu kwa pamoja.

Jenerali Arnold, mkuu wa jeshi la anga, akamtuma Jimmy Doolittle. Huyu ni yule aliyeongoza shambulio la Tokyo Aprili 1942, lakini kabla ya vita alikuwa mmoja wa marubani mahodari wa majaribio na ana shahada ya uzamivu ya uhandisi wa anga kutoka MIT. Doolittle hakuwapa hotuba. Aliwakusanya marubani pembeni ya uwanja, akapanda B-26 bila rubani msaidizi, akaanza kuruka na injini moja akaizima palepale wakati ndege inaondoka ardhini. Akapanda nayo. Akakunja kona kuelekea upande wa injini iliyokufa, jambo ambalo kila mwanafunzi alikuwa ameapizwa asilifanye kamwe. Akazunguka, akatua. Kisha akarudia kwa kuzima injini ya upande wa pili. Rubani mwingine, Vincent Burnett, mtu wa maonyesho ya sarakasi za angani, naye akazungushwa vituoni kufanya vioja hivyohivyo na kuwafundisha wengine.

Hapa kuna kitu ninachokipenda kwenye hadithi hii. Kiwanda nacho kilirekebisha ndege: mbawa zikarefushwa kutoka futi 65 hadi 71, mkia ukakuzwa. Lakini uzito nao ukapanda, hivyo mzigo ambao kila kipande cha bawa kililazimika kuubeba haukupungua kwa maana. Kasi za kuruka na kutua zikabaki za kutisha. Kilichobadilika ni kwamba watu walifundishwa, mafundi wakazoea, betri zikatunzwa, viwambo vikabadilishwa. Ndege ileile iliyotaka kufutwa ilimaliza vita Ulaya ikiwa na kiwango cha kupotea vitani kilicho chini kuliko ndege nyingine za mabomu za Marekani, chini ya nusu ya asilimia moja kwa safari. Na wanawake marubani wa WASP, waliokatazwa hata kuitwa wanajeshi, walifunzwa kuirusha huko Dodge City, Kansas, wakaitumia kuvuta shabaha za mazoezi. Nadhani hilo liliwauma kidogo wale wa kantini.

Kwenye ndege ya kivita ya P-38 Lightning, nayo ya injini mbili, vijana walikuwa wanakufa kwa namna ileile na dawa yake ilikuwa ya ajabu zaidi kwa akili ya kawaida. Injini moja ikifa muda mfupi baada ya kuruka, walifundishwa kwanza kuipunguzia nguvu ile nzima. Ndiyo, ile pekee iliyobaki! Punguza, inyooshe ndege, kisha irudishie nguvu taratibu. Marubani wa majaribio wa Lockheed, kina Milo Burcham na Tony LeVier, walizunguka kuwaonyesha kwa macho, maana kwa maneno hakuna aliyeamini.

Baada ya vita mafunzo hayo yakawa kanuni. Kila safari ya ndege ya abiria ina kasi ya kuamua, inayohesabiwa kabla ya kuondoka: injini ikifa kabla ya kasi hiyo unafunga breki, ikifa baada yake unaendelea kuruka, hakuna majadiliano. Ndege hairuhusiwi kubeba abiria mpaka ithibitishe kwamba inaweza kuendelea kupanda hapo kwa injini moja. Marubani wa ndege ndogo wana msemo wao wa kutambua upande: mguu uliokufa, injini iliyokufa. Yaani angalia mguu ambao haukanyagi kitu, basi huo ndio upande wenye msiba. Na kwa sababu kufanya mazoezi haya kwenye ndege halisi kuliwahi kuua watu wengi tu, sasa yanafanyika kwenye simuleta, chumba kinachotikisika kama ndege lakini hakiangukii popote.

Pamoja na yote hayo, twende Taiwan.

Februari 4, 2015, asubuhi, ATR 72-600 ya TransAsia iliruka kutoka uwanja wa Songshan, katikati ya jiji la Taipei, kwenda kisiwa cha Kinmen. Ndani kulikuwa na watu 58. Wengi mtakumbuka ile video iliyonaswa na kamera ya gari: ndege imelala ubavu, bawa linagonga daraja la barabara na kuisomba teksi ya njano, kisha inazama mto Keelung. Watu 43 walikufa, 15 waliokolewa. Dereva wa teksi na abiria wake waliumia lakini wakapona. Siku za mwanzo magazeti na wanasiasa walimsifu rubani, naye akiwa amefariki, kwamba aliielekeza ndege mtoni ili kukwepa majengo. Ndivyo tulivyo waandishi, shujaa anapatikana kabla ya ushahidi.

Visanduku vyeusi vilieleza mengine. Ndege ikiwa inapanda kwenye futi 1,200 hivi, kifaa kimoja cha umeme chenye lehemu iliyopasuka kilitoa ishara ya uongo kuhusu injini ya kulia. Mfumo ukaamini. Ukalilaza pangaboi la kulia wenyewe, na papo hapo ukaiongezea nguvu injini ya kushoto, kama ulivyotengenezwa kufanya. Mashine ilikuwa imeshamaliza karibu kila kazi niliyoitaja kule juu. Marubani wangekunja mikono dakika ile, ndege ingeendelea kupanda.

Sekunde chache baada ya king'ora, nahodha aliuondoa mfumo wa kuirusha ndege yenyewe na kushika usukani kwa mkono. Kisha akasema anairudisha nyuma injini namba moja. Namba moja ni ya kushoto. Mwenzake akamwambia asubiri kidogo, wahakikishe kwanza. Mkono ulikuwa tayari umeshaanza kuvuta. Ndege ilifika futi 1,630 ikaanza kushuka, mitambo ikipiga kelele kuonya kwamba mwendo unaisha, na chini ya dakika moja tangu king'ora injini ya kushoto, iliyokuwa ikiwabeba wote, ikakatiwa mafuta kabisa. Ndani ya chumba cha marubani kulikuwa na watu watatu wenye leseni. Wakagundua. Wakajaribu kuiwasha tena, ikaanza kuwaka, lakini urefu ulikuwa umekwisha. Sekunde chache kabla ya mwisho, nahodha anasikika akishangaa kwamba amevuta wa upande usio wake. Tangu king'ora mpaka mtoni ni takriban dakika mbili.

Ni rahisi kumtupia mawe, na mimi sitaki. Ripoti ya wachunguzi wa Taiwan, iliyotoka mwisho wa Juni 2016, inaonyesha kwamba mwaka 2014 alipokuwa akipimwa ili apandishwe kuwa nahodha alishindwa mtihani wa kwanza, na kati ya mambo yaliyoandikwa na watahini ni udhaifu kwenye hatua za injini kufa wakati wa kuruka. Alipimwa tena, akapita, akapandishwa. Yaani udhaifu huohuo ulikuwa kwenye karatasi, kwenye faili, miezi kadhaa kabla. Vijana wa MacDill walikuwa na Doolittle aliyewaonyesha mpaka hofu ikatoka. Huyu alikuwa na alama ya vema kwenye mtihani wa marudio. Ninaposoma sehemu hiyo ya ripoti hasira zangu haziendi kwa mtu aliyekuwa na sekunde tano. Zinaenda kwa waliokuwa na miezi.

Siku chache baada ya ajali, mamlaka ya anga ya Taiwan iliwapima marubani wa ATR wa kampuni hiyo kwa maswali ya mdomo, swali likiwa hilohilo la injini kufa. Marubani 10 walishindwa na kusimamishwa. Novemba 2016 TransAsia ilifunga shughuli zake.

Injini ya kulia, ile iliyolalamikiwa na kifaa, ilitolewa mtoni na kufunguliwa. Hawakukuta ndani yake hitilafu yoyote iliyokuwepo kabla ya ndege kugonga.